Scrabble ya Kiswahili kwenye kompyuta, familia nzima

Likizo ya Juni na baridi hii ya Moshi, watoto hawatoki nje. Washa Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni kuunda maneno yenye pointi, kwenye kompyuta mcheze wote, bibi akiwemo. Ila msicheze Kiswahili kwa mpangilio wa Kiingereza, mtagombana bure. Herufi 100 za Kiingereza zina K moja tu ya pointi 5 na Z moja ya pointi 10, wakati kwetu hizo ziko kila neno la pili. Anayebahatika kushika Z anapeta tu. A zipo 9, zinaisha kabla hamjachangamka, na Q inamgandia mtu mpaka mwisho.

Angalia kwenye mipangilio kama unaweza kubadili lugha au idadi ya herufi. Ikigoma, zima ukaguzi wa maneno, Q na X zisimame badala ya herufi yoyote unayotaka, pointi andikeni kwenye daftari: K na Z pointi 1 kila moja. Ubishi ukizuka, fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Sauti ya baba si kamusi.

Wadogo wafundishe kurefusha neno lililopo badala ya kuwaza jipya. Mtu kaweka LIMA? Ongeza M mbele, umepata MLIMA. Anayefuata anabandika O nyuma, MLIMAO, na anazoa pointi za neno zima kwa herufi moja. Watoto wa darasa la tatu wakishaushika mchezo huu, watu wazima mjipange.

Kama televisheni ina tundu la HDMI (la waya wa kuleta picha na sauti), iunganishe na kompyuta, bibi asome bila kusogelea kioo.