Bisect ni nini, na unabisect vipi kwa bikari na rula

Wadau, mi ni seremala hapa Mabatini, Mwanza. Madogo wa sekondari wananiletea maswali ya jometri hapa karakana, na neno linalowala maksi ni bisect, wanaona sect wanajua ni kukata basi wanakata popote mradi vimetoka vipande viwili. Hapana. Bi ni mbili, sect imetoka kwenye Kilatini secare yaani kukata, lakini kwenye jometri lazima vipande viwe SAWA. Ikweta inapita Ziwa Victoria huku juu kaskazini, upande wetu wa kusini unabaki mkubwa zaidi, kwa hiyo hapo imekatiza tu, haijabisect.

Sasa kubisect pembe.

Hatua ya 1: ncha ya bikari iweke kwenye kona, fungua kiasi chochote, zungusha mpaka ukate mikono yote miwili ya pembe.

Hatua ya 2: hamia kwenye yale makato mawili, kila moja chora tao ndani ya pembe, na hapa tafadhali usiguse upana wa bikari, ikilegea kidogo tu kazi yote imeharibika.

Hatua ya 3: toka kona mpaka matao yanapokutana piga mstari. Kunja karatasi kwenye huo mstari, mikono ikilaliana umepata.

Ukibisect mstari fungua bikari zaidi ya nusu yake, chora matao juu na chini kutoka ncha zote mbili, unganisha.

Mi naitumia kila wiki. Nyumba nyingi huku zimepanda kwenye mawe na kona hazina skwea, kuna chumba nimepiga skatingi juzi (zile mbao za chini ya ukuta) kona ilikuwa nyuzi 96, ukikata 45 kama ulivyozoea mbao zinaacha mwanya. Nikalaza kipande cha boksi pale chini, nikachora kona ilivyo, nikabisect kwa bikari, kila ubao ukapata 48 na zikafunga kabisa.

Dissect isikuchanganye, ina s mbili, ni kuchanachana kama panya wa baiolojia, sio kugawa nusu.

Na trisect ni tatu sawa. Pembe yoyote ile kwa bikari na rula tupu haiwezekani, mwanahisabati Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha 1837, ila nyuzi 90 inakubali, chora pembetatu ya pande sawa kwenye mkono mmoja inakupa 60 na inabaki 30, ibisect hiyo 60 unapata 30 tatu.