Mgonjwa wako kawekewa mpira wa kifua? Jifunze kusoma chupa

Hii nawaandikia ndugu mnaokaa na wagonjwa wodini, na pia manesi na madaktari wa intern ambao ndo kwanza mmeingia wodi ya upasuaji. Vifua tunavyopokea huku kwetu Tanzania vingi ni vya bodaboda, wanaochomwa visu, walioanguka juu ya mnazi au mwembe, halafu kuna kundi lingine kabisa la wenye usaha kifuani baada ya nimonia au TB. Watu wakisikia kifua kimeumia wanawaza kupasuliwa, lakini wanaogongwa kifua hata 10% hawafiki wanaohitaji kufunguliwa, na kwa waliochomwa ni kama 15 hadi 30%. Waliobaki wote ni mpira, dawa ya maumivu na mtu wa kuwaangalia vizuri, na hapo kwenye kuangalia ndo tunapopoteza watu, maana daktari akishaweka mpira anaondoka na chupa inabaki chini ya kitanda hakuna anayeielewa.

Kwanza ujue mpira unafanya nini. Pafu limezungukwa na utando wa tabaka mbili na kati yake kwa kawaida hamna hewa, kuna majimaji kiduchu tu ya kulainisha. Ubavu ukivunjika ukatoboa pafu hewa inavujia pale, mshipa ukikatika damu inajaa pale, na chochote kinachojaa pale kinalikandamiza pafu mpaka linasinyaa. Sasa daktari anapitisha mpira katikati ya mbavu, pembeni, mbele kidogo ya kwapa, usawa wa chuchu kwa mwanaume, kwa mtu mzima wa ajali mara nyingi ni saizi 28 mpaka 32, anashona nyuzi usichomoke, af mwisho wa mpira unaingia kwenye chupa na kuzama kwenye maji. Hayo maji ndo mlango wenyewe, hewa inatoka kwa mapovu lakini haiwezi kurudi. Njia hii aliianza daktari mmoja wa Hamburg, Gotthard Bülau, mwaka 1875 kwa mgonjwa wa usaha, akaja kuiandika 1891, na mpaka leo wodini kwetu ni ileile.

Chupa yenyewe

Ncha ya mrija ulio ndani ya chupa, ule unaoungana na mpira, izame sentimita 2 hivi ndani ya maji. Ukijaza maji mengi mrija ukazama sana mgonjwa anapata kazi ya kusukuma hewa itoke, ukiweka kidogo chupa ikiinama tu mrija unabaki nje ya maji na kifua kinavuta hewa ya wodini. Chupa isimame wima sakafuni, ikiwezekana ifungwe kwenye mguu wa kitanda, maana wafagiaji na wageni wanaipiga teke kila siku. Na kile kitundu kingine kwenye mfuniko msikizibe jamani! Nimeshakuta ndugu kabandika plasta vizuri kabisa akidhani chupa inavuja, kumbe kafunga mlango wa hewa kutokea na mgonjwa kaanza kuhema juu juu.

Kipimo nacho kinachanganya watu. Nesi anaanza na maji, tuseme mililita 500. Bandika plasta wima kwenye chupa, weka alama ya 500 na kalamu, andika tarehe na saa. Kesho asubuhi chupa ikisoma 900 kilichotoka kwa mgonjwa ni 400, sio 900. Utakuta faili zimeandikwa 900 na daktari wa raundi anashtuka bure, au mbaya zaidi mtu kabadilisha chupa usiku hakuandika, asubuhi inasoma 600 kila mtu anafurahi kumbe damu ya usiku imemwagwa.

Namna ya kuisoma

Angalia maji ndani ya mrija mgonjwa anapohema. Akivuta pumzi yanapanda, akitoa yanashuka, kama unavyofyonza soda kwa mrija halafu unaiachia. Hiyo inamaanisha njia iko wazi. Yakitulia tu hayapandi wala kushuka, mwambie avute pumzi ndefu au akohoe, yakiwa bado yametulia basi moja ya mawili: mpira umeziba au umekunjwa, au pafu limefunguka lote na mpira hauna kazi tena. Utatofautishaje? Fuata mpira kwa mkono kutoka kifuani mpaka kwenye chupa, mara nyingi mgonjwa mwenyewe kaulalia au umebanwa na chuma cha kitanda. Kama haujakunjwa na mgonjwa ndo kazidi kuhema, huo umeziba, ita mtu sasa hivi. Kama anahema vizuri na anaongea, subiri eksirei ithibitishe.

Mapovu: akikohoa yakatoka kadhaa ni kawaida kwa siku za mwanzo. Yakitoka mfululizo bila kukoma, ama pafu bado linavuja ama kuna kiungio kimelegea. Kagua viungio kwanza, kagua na pale mpira unapoingilia kifuani, unaweza kukuta tundu la pembeni la mpira limetokeza nje ya ngozi.

Damu: ikitoka mililita 1500 papo hapo mpira unapowekwa, au 200 kila saa kwa masaa mawili mpaka manne, huyo ni wa thieta (chumba cha upasuaji), hakuna kusubiri raundi. Ndugu, nyie hamhitaji kukariri hizo namba, nyie mkiona chupa inajaa wekundu haraka na mgonjwa anatoka jasho la baridi piteni moja kwa moja kwa nesi. Ila pia damu iliyokuwa inatoka vizuri ikikata ghafla sio lazima iwe habari njema, bonge la damu linaweza kuwa limeziba mpira.

Usifanye hivi

Usinyanyue chupa juu ya kifua. Hapa ndo kwenye safari ya eksirei mambo yanapoharibika: mgonjwa yuko kwenye machela, ndugu anataka kusaidia, anaiweka chupa tumboni kwa mgonjwa ili isidondoke, na maji na damu vyote vinarudi ndani. Chupa inabebwa chini ya usawa wa kifua mwanzo mwisho, mkivuka upande wa pili wa kitanda mnaizungusha kwa miguuni, hamuipitishi juu yake.

Na usibane mpira kwa fosepsi (koleo la hospitali) eti "tunasafirisha". Pafu likiwa linavuja na umebana, hewa haina pa kutokea, inajaa, inasukuma moyo upande wa pili, presha inashuka, mishipa ya shingo inavimba, na unaweza kumpoteza njiani kabla hujafika eksirei. Kubana ni kwa sekunde chache tu nesi anapobadilisha chupa. Kuna sehemu moja daktari mwenyewe ataamuru kubana, nayo ni kwa mgonjwa aliyekaa na maji mengi kifuani kwa muda mrefu: ukiyatoa yote kwa mpigo pafu linafunguka kwa fujo na lenyewe linajaa maji, kwahiyo tunaishia lita 1 mpaka 1.5, tunapumzika, ndo tunaendelea. Akianza kukohoa sana na kulalamika kifua kubana kabla ya hapo, simamisha.

Chupa ikivunjika chovya ncha ya mpira kwenye maji safi kwenye chombo chochote kilicho karibu huku unaita nesi, ukikosa acha wazi dakika hizo chache kuliko kubana. Mpira ukichomoka kifuani funika tundu na gozi, bandika plasta pande tatu, upande mmoja uache hewa itoke, na usijaribu kuurudisha ule ule.

Maumivu

Hapa nina ugomvi na wenzangu. Mgonjwa wa mbavu anaandikiwa panado mbili "akiumwa", mwanaume wa kwetu atasema haumwi, anahema nusu nusu hataki kukohoa, siku ya tatu makohozi yameganda sehemu ya chini ya pafu na homa imepanda. Nimonia inaua wengi wenye mbavu zilizovunjika, hasa wazee. Dawa itolewe kwa saa, panado pamoja na diklofenaki au ibuprofeni kama figo na tumbo viko sawa, ikishindikana tramadoli au mofini, na sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya mbavu kama kuna anayejua kuichoma. Msimfunge kanga wala bandeji kuzunguka kifua, najua inampa nafuu, lakini ndo inamzuia kuhema. Mkalishe, mpe mto aukumbatie akikohoa, kila saa akiwa macho avute pumzi kumi ndefu, na atembee, chupa mkononi chini, hata mpaka chooni. Wanaotembea wanapona haraka kuliko wanaogeuzwa geuzwa kitandani na kulishwa uji.

Wa usaha

Hawa ni safari ndefu, mpira unaweza kukaa wiki kadhaa na dawa za kuua bakteria au za TB zinaendelea palepale. Usaha upelekwe maabara kabla hamjabadilisha dawa, pamoja na kipimo cha TB. Ukiwa mzito umejigawa vyumba vyumba, mpira peke yake hautoshi, na ukicheleweshwa pafu linafunikwa na ganda gumu ambalo daktari wa upasuaji wa kifua inabidi alimenye ili pafu lifunguke tena. Kwahiyo kama homa haishuki, mpira hautoi kitu, na eksirei bado nyeupe upande mmoja, ombeni rufaa mapema, madaktari wa kifua wako wachache na foleni zao mnazijua.

Kutolewa na kurudi nyumbani

Mpira unatolewa mapovu yakiwa yamekoma hata akikohoa, kinachotoka kiwe chini ya mililita 200 kwa siku, na eksirei inaonesha pafu limefunguka. Anaambiwa avute pumzi aishikilie, mpira unatoka kwa mkupuo mmoja na uzi unakazwa hapohapo. Apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla, hili linasahaulika. Eksirei nyingine inapigwa baada ya hapo.

Mbavu zinachukua kama wiki 6 kuunga, hivyo mwenye bodaboda asirudi kijiweni wiki ya pili kwasababu "mshono umekauka". Ndege asipande mpaka eksirei ioneshe hewa imeisha kabisa, na baada ya hapo wiki 2 zaidi kwa aliyeumia. Wavuvi na wazamiaji wa pwani, kuzamia ni mpaka daktari wa kifua aruhusu mwenyewe. Kifua kikibana ghafla, homa, au kidonda kikianza kutoa maji, rudi hospitali siku hiyohiyo, na ubebe eksirei zote za zamani maana wodini nakala mara nyingi hazibaki.