Siku Moja kwa Miguu Mji Mkongwe wa Zanzibar: Fuata Kivuli

Wageni wengi huanzia Forodhani, bustani ya pwani, kwa sababu ndiko karibu na bandari na hoteli. Matokeo yake, saa 6 mchana wako ufukweni pasipo kivuli, na wanakata tamaa kabla hawajaiona nusu ya mji. Geuza mpango huo: asubuhi Darajani, mchana vichochoroni, alasiri pwani. Mji wenyewe ni mdogo, unaweza kuuvuka kwa dakika 20 hivi, lakini ulikuwa makao makuu ya Sayyid Said bin Sultan alipohama Maskati, na hautazamiki kwa haraka.

Kabla ya kutoka

Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Mawe ya vichochoro yamelainika na huteleza yakilowa. Beba maji lita moja na nusu, noti ndogondogo na kitambulisho, maana sehemu nyingi raia hulipa kiingilio tofauti na mgeni. Mabega na magoti yafunikwe. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana, na siku ya Ijumaa tegemea maduka kufungwa wakati wa sala. Ukitaka mtu wa kukutembeza, mwombe kwanza kitambulisho cha kazi kinachotolewa na Kamisheni ya Utalii. Papasi, yaani kijana wa mtaani anayefuata watalii, asiye nacho atakupeleka zaidi kwenye maduka kuliko kwenye historia.

Hatua ya 1: Marikiti ya Darajani, saa 2 asubuhi

Soko hili lilijengwa mwaka 1904. Anza upande wa samaki, kwa kuwa mnada ni wa asubuhi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ukinunua karafuu, bonyeza kichwa chake kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, ya zamani huvunjika ikiwa kavu. Nusu saa inatosha hapa.

Hatua ya 2: Mkunazini, saa 3

Kanisa la Anglikana liko hatua chache kutoka sokoni. Lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na lilijengwa juu ya uwanja wa soko hilo. Soma kwanza maonyesho yaliyomo uani, kisha ndiyo uingie kanisani. Ukifanya kinyume, utaona madhabahu nzuri tu bila kujua kwamba inatajwa kuwa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kuandika sarufi ya Kiswahili, amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs, ziko nje. Usipige picha za kuchekacheka pale. Tenga saa nzima.

Hatua ya 3: Vichochoroni hadi Shangani

Toka Mkunazini, pita Hamamni penye bafu za Sultani Barghash, fika Soko Muhogo ambako wazee hukaa barazani wakinywa kahawa, kisha uelekee Minara Miwili, kanisa Katoliki la miaka ya 1890. Ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu, kwa hiyo usiitegemee. Ukipotea, endelea mbele bila kugeukageuka: utatokea ama baharini ama kwenye barabara ya Darajani. Ukisikia honi ya vespa, bana ukutani.

Hapa ndipo pa kukawia. Mlango wa kuchongwa usomwe kwa sehemu zake: miimo pembeni, kizingiti juu, na mfaa katikati ya mbao mbili. Kizingiti kilichonyooka ni mtindo wa zamani wa Kiarabu. Chenye upinde kimetokana na mafundi na ladha ya Kihindi, na kilienea mwishoni mwa karne ya 19. Tazama chini kabisa ya miimo, mara nyingi utakuta samaki na mawimbi. Mnyororo uliochongwa pembeni huelezwa kuwa ni ulinzi wa nyumba.

Kisha tazama ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti si ndefu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Ukiona ukuta unabanduka vipande vikubwa, mara nyingi umepigwa plasta ya saruji: saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi hujikusanya ndani na jiwe huoza. Chokaa huacha ukuta upumue. Kila nyumba inayorekebishwa kwa saruji inauma kuitazama.

Hatua ya 4: Pumzika saa 7 hadi saa 9 na nusu

Kula wali na samaki mgahawani, ukae ndani.

Hatua ya 5: Pwani, kuanzia kaskazini

Anzia Malindi, uutazame msikiti wenye mnara wa umbo la pia, kisha ushuke Mizingani: Hospitali ya Kale yenye roshani za mbao, Mtini penye mti mkubwa, Kasri la masultani, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), Ngome Kongwe. Majengo haya yanatazama bahari, hivyo jua la alasiri huyaangazia usoni. Picha za asubuhi huwa na giza. Beit al-Ajaib, ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, basi panga kuitazama kwa nje. Ngome ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno.

Hatua ya 6: Forodhani

Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo. Majiko huwa yamekwisha kuwashwa. Uliza bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa kwenye sahani, kwani ugomvi mwingi huanzia hapo. Pweza na kamba waliopangwa mezani kwa saa nyingi waache. Chagua jiko ambalo wenyeji wanalizunguka na chakula hakikai. Urojo, ile supu nzito ya Zanzibar, ukiwa wa moto ndio salama zaidi kwa tumbo geni, na juisi ya miwa ikamuliwe mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi, bila barafu.