Kabla hujaenda kuulizwa maswali kwa Kiingereza, kaa na haya kwanza

Hii ni kwa wale wenye intavyuu ya kazi, ya viza, ya chuo, au unasafiri tu na unajua mwisho wa safari kuna mtu kakaa nyuma ya kioo anakusubiri na maswali. Kiingereza unakijua, sikatai, sekondari yote umesoma kwa Kiingereza. Ila kusoma swali kwenye karatasi na kuulizwa na mtu mwenye haraka zake ni vitu viwili, na kinachowaangusha wengi sio misamiati migumu, ni vile vineno vidogo vya kuulizia ambavyo tuliambiwa tukiwa wadogo kwamba who ni nani, what ni nini, where ni wapi, tukafunga madaftari tukaenda kucheza.

Hilo daftari lifungue tena. Sisi tunauliza "jina lako nani", wao wanauliza "What is your name?", hapo hapo nani imeshageuka what. Sisi tunauliza una miaka mingapi, wao "How old are you?", wala hiyo miaka haitajwi. Muda gani ni how long, umbali gani ni how far, mara ngapi ni how often. Ukitulia utaona gani na ngapi zetu nyingi zinaenda kujificha kwenye how, kwa hiyo usikariri how peke yake, ikariri na neno linaloifuata, maana hilo la pili ndio lenye swali. Na kuna vya kwetu ambavyo kwao havina hata pa kukaa, mfano "wewe mtoto wa ngapi kwenu", hiyo usihangaike kuitafutia neno, zunguka tu, uliza kama yeye ndio wa kwanza au wa mwisho, yaishe.

Hela kwao haihesabiki. Sema how much money, usiseme how many money hata kama unazihesabu noti mkononi. Mizigo hivyo hivyo, luggage haina wingi, ukitaka idadi uliza how many bags.

Matamshi: who inasomeka "hu", whose inasomeka "huuz", ile w haitamkwi. Na who's, kifupi cha who is, inasikika sawasawa na whose, sikio halitakusaidia kitu hapo, utajua kwa neno linalofuata. "Whose bag" ni begi la nani. "Who's paying" ni nani analipa.

Mpangilio nao. Sisi neno la kuulizia tunaliacha mwisho, unaenda wapi, umekuja lini, wao wanalitanguliza, halafu katikati wanachomeka do, does au did, na did ikishaingia kitendo kinarudi kwenye hali yake, yani "Where did you go?" sio "Where did you went?". Ila kama unayemuulizia ndio mtendaji mwenyewe did haingii. "Who called you?" ni nani alikupigia, "Who did you call?" ni ulimpigia nani. Hizi mbili zitenganishe kabisa kichwani, zichezee na mtu nyumbani hata siku tatu, maana kama ni kazini umeulizwa kuhusu simu ya mteja utamtaja mtu ambaye hata hayumo. Na swali likiwa ndani ya sentensi nyingine mpangilio unarudi kawaida, "Do you know where he is?", usimalizie na "where is he".

Saa tusipoteze muda, kila mtu anajua tunapishana masaa sita, ten asubuhi ni saa nne. Wanajua na bado kila siku kuna mtu anakosa intavyuu kwa hilo. Iandike kwenye simu kwa saa zao na kwa saa zetu, zote mbili.

Sasa hili linalofuata ndio limenifanya niandike yote haya.

Dada yangu alijifungua huko ughaibuni, mtoto ana wiki tatu, mama akasema lazima mtu aende akamsaidie, nikapata viza, nikafunga begi, khanga doti nne, mbeleko, mkoba wa mkononi wenye karatasi zangu. Uwanja sitautaja. Tumeshuka asubuhi, foleni ndefu, nimesimama kama saa zima miguu imevimba, nikafika dirishani. Yule afisa wala hakuwa mkali. Akaniuliza, "How long are you here for?" Mimi nikashika how long na here, nikajua ananiuliza nimesimama hapo muda gani, nikamjibu vizuri kabisa, "One hour". Akaniangalia. "You're here for one hour?" Nikasema yes. Kumbe ile for pale mwishoni ndio ilibeba swali zima, alikuwa anauliza nitakaa muda gani nchini kwao, na mimi viza na barua zinasema wiki sita, mdomo unasema lisaa limoja.

Akauliza tena, "What brings you here?" Mimi what ni nini, brings ni kuleta, kitu gani kimekuleta hapa, nikajibu "Aeroplane". Naapa sikuwa natania, ndio jibu nililoliona la kweli. Yeye akaona namfanyia mzaha. Ile what haiulizi chombo cha usafiri, inauliza sababu, ni kama angesema why lakini kwa upole, hawapendi kumwambia mtu usoni "Why are you here?" maana inakaa kama kufokea. Hivyo hivyo na "What are you here for?", ni kwa nini hiyo hiyo imevaa what. Darasani hili hakuna aliyeniambia.

Akapekua paspoti, akasema, "You don't have a return ticket?" Na tiketi ninayo! Imekunjwa mara nne, imo ndani ya mkoba chini ya khanga. Nikajibu "No". Kichwani mwangu nasema hapana, sivyo, ninayo, kama ambavyo wewe ungejibu mtu akikuuliza "huna tiketi?". Sisi tunajibu kwa kumkubali au kumkataa aliyeuliza, ukisema ndiyo maana yake ndiyo sina, ukisema hapana maana yake unayo. Wao hawamwangalii aliyeuliza, wanaangalia kitu chenyewe kipo au hakipo. Ipo ni yes, haipo ni no, hata swali lipinduliwe vipi. Kwa hiyo nimetamka mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba sina tiketi ya kurudi.

Akasema, "Why don't you take a seat over there?" Nikaanza kujieleza kwa nini sijakaa, because you called me sir, because the queue, naongea huku natetemeka, kumbe hajauliza kitu, ananiambia nenda kakae pale. Why don't you ya namna hiyo ni kukukaribisha, sio swali.

Nilikaa kwenye lile benchi mpaka mchana umepita. Dada yuko nje na mtoto mchanga, mshono haujakauka, simu yangu haina mtandao wa kule. Mwisho wakaniunganisha kwenye simu na mkalimani, mama mmoja sauti yake ya pwani, akaniuliza "mwanangu, huna tiketi ya kurudi?", nikamwambia hapana mama, ninayo, akanyamaza kidogo akasema "itoe wakuone nayo". Nikaitoa, nikaikunjua, mikono yote inatetemeka. Wakaruhusu. Nilipotoka dada alikuwa amekaa chini sakafuni analia.

Basi fanya hivi. Swali la kukanusha likija, doesn't, haven't, you don't, usijibu yes au no tupu, maliza sentensi nzima, "Yes, I have a ticket", hata ukikosea ile yes sentensi itakuokoa, na karatasi iwe mkononi unaionyesha. Swali usilikamate kwenye neno la kwanza ukakimbia nalo, subiri mpaka mwisho, maana Kiingereza kinapenda kuweka mkia nyuma, for, with, from, like. "What does he like?" ni anapenda nini, "What is he like?" ni mtu wa namna gani, na kwenye intavyuu ya kazi wanaipenda sana, what was your last boss like, usije ukamwambia mtu bosi wako alipenda chai. Hujasikia? Sema "Sorry?" au "Could you repeat that, please?", usitupe "What?" kavu kavu, ni sawa na mkubwa anakuita unaitikia "nini" badala ya abee au naam.

Wa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo au viza, sehemu ya kuongea ni dakika 11 mpaka 14 na inaanza na maswali ya kawaida kuhusu wewe, nyumbani, kazi, unachopenda, kwa hiyo fanya mazoezi na mtu anayekuuliza, sio na kitabu. Mwambie akuulize haraka haraka, akupinduliepindulie.

Kama unaweza kuomba mkalimani, omba mapema, sio aibu. Muda utakaokaa, sababu ya safari na anwani ya mwenyeji wako viandike kwenye karatasi kwa Kiingereza, na namba yake ya simu, usitegemee simu yako, itazima au haitashika mtandao. Tiketi ya kurudi iwe juu kabisa, sio chini ya khanga. Kunywa maji, kula kitu kabla ya kushuka, njaa inasahaulisha hata Kiingereza ulichokuwa nacho. Na paspoti usimpe mtu akushikie, hata kama mmekaa siti moja njia nzima.