Namna ya Kufuatilia Kimbunga Ukiwa Nyumbani Pwani

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu kwa wingi kiasi kwamba Pemba, iliyonusurika, ndiyo iliyoshika uongozi wa zao la karafuu baada ya hapo. Aprili 1952 kimbunga kingine kikaingia Lindi, na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Vimbunga vya namna hii ni nadra kwetu kwa sababu nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo inayoufanya upepo uzunguke kitovu badala ya kukimbilia moja kwa moja penye mgandamizo mdogo wa hewa, hudhoofika kadiri unavyoikaribia ikweta. Nadra, hata hivyo, si kamwe. Mkazi wa Kilwa, Mtwara au Kigamboni anayependa mambo ya hali ya hewa anaweza kujifunza kukifuatilia kimbunga kwa vifaa vichache, mradi aanze kabla hakijazaliwa. Sharti hilo la mwisho ninalitilia mkazo kuliko yote, kwa kuwa kipimo cha leo kisicho na kipimo cha jana cha kulinganisha nacho hakikuambii lolote.

Anza na barometa, kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa. Si lazima ununue ya ukutani, kwani baadhi ya simu zina kihisi cha mgandamizo ndani yake na programu ndogo huonyesha kipimo kwa hektopaskali. Isomee mahali pale pale kila siku, kwa sababu kupanda mita 8 tu, kama kutoka uani hadi ghorofa ya pili, hupunguza takriban hektopaskali 1. Andika kwenye daftari saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Saa hizo zina maana yake: katika ukanda wa tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha hushuka chini karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti yake hufikia hektopaskali 3 hivi hata siku ambayo hakuna wingu.

Tuseme daftari lako linaonyesha 1011.8 saa nne asubuhi na 1008.9 saa kumi jioni. Anayeanza hushtuka akidhani dhoruba inakuja, kumbe huo ni mshuko wa kila siku. Lakini kesho yake, saa kumi ile ile ya jioni, ukisoma 1005.2, hapo pana jambo, kwa kuwa mgandamizo umepungua karibu hektopaskali 4 kati ya vipimo viwili vya saa ile ile, vinavyostahili kulinganishwa. Ukiona hivyo, acha kusoma mara mbili kwa siku. Soma kila baada ya saa moja na uandike.

Baada ya barometa, utazame upepo, na hapa ndipo penye elimu ambayo wavuvi na manahodha wanaithamini kuliko ramani yoyote. Katika nusu ya kusini ya dunia kimbunga huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Kwa hiyo ukiupa upepo mgongo, kitovu cha kimbunga kiko mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Kanuni hii ilielezwa na mwanasayansi wa Uholanzi, Buys Ballot, mwaka 1857, ingawa kwa watu wa kaskazini ya ikweta kitovu huwa kushoto. Itumie upepo ukiwa na nguvu na wa kudumu, si asubuhi tulivu ambapo unachokisikia ni umande utokao nchi kavu, wala mchana wa kawaida wenye upepo wa bahari.

Sasa chukulia umesimama Kilwa na kimbunga kinakuja kutoka mashariki. Kwanza upepo utakuvumia kutoka kusini, na mwezi wa Mei ni rahisi kudhani kuwa ni kusi la kawaida tu. Ukiendelea kuangalia, mojawapo ya mambo matatu litatokea. Upepo ukigeuka kuwa wa kusini mashariki na kisha wa mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako. Ukigeuka kuwa wa kusini magharibi na kisha wa magharibi, kinapita kusini yako. Ukikaza uelekeo ule ule huku ukizidi nguvu na barometa ikishuka, kinakujia wewe. Tofauti kati ya hali mbili za kwanza ni kubwa kuliko inavyosikika, maana anayeachwa kusini ya kitovu hupata upepo utokao baharini, unaosukuma maji kuyaleta ufukweni, ilhali aliye kaskazini hupata upepo utokao bara. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kimbunga kitatua wapi. Ni lazima ujue uko upande gani wa pale kitakapotua.

Mambo ya karatasi na skrini ni rahisi zaidi, ila yana mitego yake. Bahari ya Hindi upande wa kusini magharibi husimamiwa na kituo cha kisiwa cha Réunion cha Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, nayo majina hutolewa na Mauritius au Madagaska, kutegemea kama mfumo wa dhoruba uko mashariki au magharibi ya longitudo 55 mashariki. Mfumo hupewa jina upepo wake ukifikia kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga cha kitropiki ukifikia kilomita 118 kwa saa. Kituo hicho hupima upepo kwa wastani wa dakika 10, wakati kituo cha jeshi la Marekani, JTWC, hutumia wastani wa dakika 1, ambao hutoa namba kubwa zaidi kwa kimbunga kile kile. Usichanganye namba za vituo hivyo viwili kisha ukatangaza kuwa kimbunga kimeongezeka nguvu. Chambuzi kuu hufanywa saa 00, 06, 12 na 18 za saa ya dunia, ambazo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, na taarifa hufuata baada ya muda. Hakuna haja ya kufungua simu kila dakika tano.

Ramani ya mwelekeo ikitoka, usiukodolee macho mstari wa katikati. Tazama eneo pana linalouzunguka, kwa sababu hilo ndilo linaloonyesha mahali kitovu kinapoweza kufika, na hata hilo linahusu kitovu peke yake, si mvua wala mawimbi, ambayo huenea mbali nje yake. Kuhusu modeli za kompyuta, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ya siku zijazo, linganisha ile ya Ulaya, ECMWF, na ile ya Marekani, GFS. Zikipingana, mpingano wenyewe ni habari: maana yake hewa bado haijaamua. Nawasihi wapenzi wenzangu wa fani hii wasisambaze kwenye makundi picha ya kimbunga cha siku kumi zijazo, kwani hilo ni jaribio moja la modeli moja, na saa sita baadaye linaweza kufutika kabisa huku mama mmoja kijijini akiwa tayari amehamisha watoto.

Neno la mwisho kwa Tanzania bara na visiwani ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Isome tahadhari yake yote, si rangi peke yake. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, lakini chini yake huandikwa mambo mawili tofauti: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Jambo lenye uwezekano mdogo na athari kubwa linahitaji maandalizi ambayo jambo lenye uwezekano mkubwa na athari ndogo halihitaji. Msimu huhesabiwa kuanzia 15 Novemba hadi 30 Aprili, na Hidaya kilikuja ukiwa umeshafungwa, kwa hiyo usilihifadhi daftari mapema.

Fuatilia pia kimbunga kisichokuja kwako. Kikikaa kwenye mkondo wa Msumbiji mara nyingi huvuta unyevu na kuiacha pwani yetu na bara kukavu, kama Idai kilivyochelewesha masika ya Machi 2019. Kikikaa mashariki ya Madagaska kinaweza kuvuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo na kuzidisha mvua, kama ilivyotokea Machi 2018.

Kipimo cha mvua unaweza kukitengeneza kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula. Chupa ya plastiki yenye kitako cha mabonde ijaze kokoto na maji hadi inapoanza kunyooka, na uhesabu kuanzia hapo. Kiweke mahali pa wazi, mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au ukuta huo, na ukisome saa tatu asubuhi. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 100 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 6,000 zinazotafuta pa kwenda.

Kabla ya usiku wa kutua, angalia mwezi na jedwali la maji. Kimbunga kikifika wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, maji yakiwa yamejaa, bahari hupanda juu ya kiwango ambacho tayari ni kikubwa. Kikifika wakati wa maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, au maji yakiwa yamekupwa, ufukwe huwa na nafasi ya kuyapokea. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufikia mita 3 hadi 4, na saa sita za mapema au za kuchelewa zinaweza kuokoa mtaa mzima. Andika saa ya maji kujaa kando ya saa ya kutua iliyotabiriwa.

Upepo ukikatika ghafla barometa ikiwa chini kabisa, usitoke nje kupiga picha: uko ndani ya jicho, yaani kitovu tulivu cha kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Baki ndani, andika kipimo cha chini kabisa na saa yake. Asubuhi, kukiwa salama, chora mstari wa mkaa ukutani pale maji yalipofika, kabla watu hawajaosha kuta, kisha upime urefu wake kutoka ardhini.