Kunde za mbegu ya kienyeji, uani kwetu Chanika

Ukitaja kulima maharage ya kukausha, mtu wa Dar anakimbilia mbegu za Mbeya au Lushoto. Zitaota, zitapendeza, zitachanua, kisha maua yatapukutika. Maharage yanataka usiku wa baridi, na sisi huku usiku tunalala na feni. Panda kunde. Zangu ni za mtambao, rangi ya udongo, jicho jeusi. Mama mkwe alinipa kutoka Rufiji, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Kazi iko kwenye kulenga mvua. Ukipanda masika yanapoanza Machi, maganda yatakomaa mvua ingali inanyesha, na mbegu zitaanza kuota humo humo ndani ya ganda. Subiri katikati ya Aprili. Mvua za mwisho zitakuza mmea, na Julai maganda yatakaukia juani. Hizi za mtambao huchukua kama miezi mitatu.

Mchanga wetu hauna shida. Weka samadi iliyooza, kidogo tu. Ukimwaga mbolea ya kuku utavuna msitu wa majani, maana kunde hujitengenezea naitrojeni, kile chakula cha kukuza majani, kwenye vinundu vya mizizi. Mbegu mbili kila shimo, kina sentimita 4, shimo hadi shimo 30, mstari hadi mstari 75. Palilia kabla hazijatambaa.

Mboga chuma, nani atakuzuia? Ila yapo mashina ya kutoguswa. Watu wengi huchota mbegu kwenye zile zilizobaki jikoni. Mimi nachagua shambani, mmea ukiwa hai. Maua yakitoka, funga kitambaa kwenye mashina machache yenye afya na yanayowahi kuzaa, uwaambie na majirani wanaoomba mboga. Lenye majani ya mabaka ya njano na mikunjo ling'oe, kwani ugonjwa huo husafiri ndani ya mbegu. Za jirani zisikutishe: ua la kunde hujichavusha lenyewe, kuchanganyika ni nadra.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza kikonyo cha ua. Utakuta vidukari weusi wamebanana, na sisimizi wamefuata ule utamu wao. Waoshe jioni kwa maji yenye sabuni kidogo.

Kwenye kuvuna usizubae. Chuma kila ganda linapokauka, usisubiri shamba zima. Wadudu wanaobungua kunde hawaanzii ghalani. Hutaga mayai kwenye maganda yakiwa bado shambani. Pukuchua, pepeta, kisha tandaza mbegu mbele ya dirisha uzitazame vizuri. Kidoa cheupe kilichogandia kwenye ngozi ni yai. Kitundu cha duara maana yake mdudu ameshatoka. Hizo zote peleka jikoni, zikaungwe nazi.

Zinazobaki anika hadi jino lishindwe kuacha alama. Zijaze kwenye chupa kavu ya maji ya kunywa, tikisa zishindiliane, ongeza mpaka shingoni, kaza kifuniko. Hewa ikiwa ndogo, mdudu aliyejificha ndani hufa. Iweke uvunguni, mbali na joto la bati.

Aprili ikikaribia, toa kumi, zikunje kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku nne, zikiota nane, endelea kama kawaida. Zikiota tano, weka mbegu nne kila shimo.