Somo: Kuanza bandi ukubwani, na faida zake kwa mwili na akili

Salaam wanachama. Tangu Novemba meseji zinazonifikia ni zilezile: mwili mzito, usingizi hauishi, hamu ya kutoka nje imekufa. Sishangai. Hapa Uppsala, Uswidi, mwezi wa kumi na mbili jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa limeshazama. Anayeingia kazini alfajiri na kutoka jioni anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona. Msimu wangu wa kwanza nilijifungia ndani hadi Machi. Wa pili nikapelekwa uwanjani na mfanyakazi mwenzangu, nikavalishwa viatu vya chuma vya kutelezea barafuni, na tangu hapo sijawahi kuukosa msimu.

Kwa wasioujua, bandi ni soka la barafuni. Wachezaji ni 11 kila upande, vipindi viwili vya dakika 45, kuna kuotea, kuna kona, kuna penalti. Uwanja unakaribia ule wa soka, urefu mita 90 hadi 110. Tofauti ni kwamba unateleza badala ya kukimbia, na unapiga kimpira kidogo cha rangi kali kwa fimbo iliyopinda mwishoni. Golikipa hana fimbo, anadaka kwa mikono. Sheria zake za mwanzo ziliandikwa Uingereza mwaka 1882 na Charles Tebbutt, mtu wa mabonde ya Fens ambako maji ya mafuriko yaliganda kila baridi ikikaza. Leo wenye mchezo hasa ni Waswidi, Warusi na Wafini.

Nasema hivi ili mwondoe woga. Aliyekulia kwenye chandimu tayari anajua kujipanga, kufungua nafasi, kusoma pasi. Akili ya mchezo unayo. Kinachobaki kujifunza ni miguu, na kwenye miguu ndipo faida kubwa ya mwili ilipo.

Hatua ya 1: Anzia sebuleni

Wiki mbili kabla ya barafu, simama kwa mguu mmoja kila unapopiga mswaki, dakika moja kila upande. Ukizoea, funga macho. Kisha jifunze mkao: magoti yamekunjwa, makalio yameshuka kama unataka kukaa kwenye kigoda, kifua kiko mbele kidogo. Kaa hivyo sekunde 30, pumzika, rudia mara tano. Mapaja yatawaka moto. Huo ndio mkao utakaokaa nao muda wote ukiwa barafuni, na ndiyo sababu wachezaji wa bandi wana mapaja na makalio yenye nguvu.

Hatua ya 2: Vifaa bila kufilisika

Usinunue kitu mwanzoni. Kwa walio Uswidi, nendeni Fritidsbanken, ambako vifaa vya michezo huazimwa bure hadi siku 14, kama vitabu vya maktaba. Viatu vibane kisigino bila kuumiza vidole. Kofia ngumu ni lazima, tena si kwa watoto peke yao. Ongeza glavu nene, kinga za magoti na za ugoko. Kuhusu nguo, wageni wengi hujivika kama wanaenda kusimama kituo cha basi. Vaa nyepesi mbili tatu, la sivyo dakika ya kumi utakuwa umelowa jasho, na jasho likipoa ndipo baridi inapokushika.

Hatua ya 3: Jifunze kuanguka

Hapa naomba msome polepole, maana wengi wanaoacha mchezo huacha kwa sababu hawakufundishwa hili. Ukiona unaanguka, usinyooshe mikono kuzuia. Hivyo ndivyo viwiko na vifundo vya mikono vinavyovunjika. Kunja magoti zaidi, jishushe upande mmoja, utue kwa paja na makalio. Kunja ngumi, vidole visije vikapitiwa na chuma cha mwenzako. Kuinuka: piga goti moja, weka mguu wa pili mbele, mikono yote miwili juu ya goti hilo, sukuma. Fanya mara kumi kwa makusudi kabla hujajaribu kwenda popote.

Na hapa faida ya akili inaanza. Mtu mzima mwenye kazi na familia hupita miaka bila kuanguka mbele za watu. Mara ya kwanza aibu inakukaba koo. Mara ya kumi umegundua hakuna anayekutazama, na mtoto wa miaka saba aliye pembeni yako kaanguka mara nyingi kuliko wewe. Hofu hiyo ikishatoka, niliona inatoka na kwingine: nikaanza hata kuongea Kiswidi changu kibovu kazini bila kujali.

Hatua ya 4: Sukuma pembeni

Kwenye kukimbia unasukuma nyuma. Barafuni ukifanya hivyo mguu unaponyoka. Geuza ncha za miguu nje kama herufi V, sukuma kwa ubavu wa chuma kuelekea pembeni, uzito wote uhamie mguu unaoteleza. Kaa juu ya mguu huo mmoja kadiri unavyoweza kabla ya kubadilisha.

Msukumo huo unaamsha misuli ambayo kutembea na kukimbia haviifikii sana, yaani ile ya ubavu wa nyonga na ya ndani ya paja, inayoshikilia kiuno na goti visiyumbe. Wakati huohuo kifundo cha mguu, tumbo na mgongo vinafanya kazi ndogondogo bila kukoma ili usianguke. Tena kwa kuwa unateleza, goti halipokei kishindo cha kila hatua kama kwenye lami.

Hatua ya 5: Fimbo, mpira, macho juu

Shika fimbo kwa mikono miwili, kichwa chake kiguse barafu. Usiiinue kupita bega, ni faulo na ni hatari. Endesha mpira huku unamtazama mwenzako, si mpira. Siku za mwanzo haiwezekani, baada ya wiki chache mikono inajua yenyewe. Miguu inafanya hili, mikono lile, macho yanatafuta nafasi: kichwa hakibakiwi na pa kuwekea deni wala ugomvi wa kazini. Kwangu mimi huu ndio muda pekee wa wiki ambao mawazo yananyamaza kabisa.

Hatua ya 6: Ingia mechi

Kubadilisha wachezaji bandi hakuna kikomo. Unaingia, unakata mbuga kwa nguvu zako zote dakika chache, unatoka, unahema, unaingia tena. Moyo unapanda, unashuka, unapanda, na mazoezi ya namna hiyo hujenga pumzi haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Vipindi viwili vya bandi vinakutosha. Kama uwanja mkubwa unatisha, tafuta bandi ya uwanja mdogo, inayochezwa sita kwa sita.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Huko Borlänge, mji wa Uswidi, mwaka 2013, vijana wa Kisomali waliofika kama wakimbizi waliunda timu ya bandi, wengi wao hawajawahi hata kusimama barafuni. Kocha wao alikuwa Per Fosshaug, nyota wa zamani wa Uswidi. Januari 2014 walikuwa Irkutsk, Urusi, kwenye mashindano ya dunia. Walifungwa mabao mengi mno, na mwaka uliofuata wakarudi tena kwenye mashindano hayo. Ninapomfikisha uwanjani mtu aliyekaa ndani miezi mitatu bila rafiki, nawafikiria wao.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Malmö: Shikamoo mwalimu. Mimi navaa hijabu, kofia ngumu itakaaje?

Marahaba mdogo wangu. Vaa hijabu ya michezo, ile nyepesi ya kuvuta isiyo na pini wala fundo. Jaribu kofia ukiwa umeshaivaa, kamba ibane chini ya kidevu. Ikicheza ukitikisa kichwa, badilisha saizi.

Kaka wa Oslo: Nina kisukari, natumia insulini. Naruhusiwa?

Zungumza kwanza na daktari wako kuhusu dozi siku za mazoezi. Pima kabla na baada, weka juisi au glukosi kwenye benchi, na mwambie kocha. Kutetemeka kwa sukari kushuka ni rahisi kudhani ni baridi, kwa hiyo ukitetemeka, toka upime.

Mama wa Helsinki: Mwanangu ana pumu, hewa ya baridi humkaba.

Hewa baridi na kavu kweli huchokoza pumu. Apashe mwili taratibu dakika 15, afunike mdomo na pua kwa skafu nyembamba, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwa mtu aliye karibu naye. Baridi ikizidi sana, siku hiyo apumzike. Mpango wa dawa mpangiwe na daktari.

Kaka wa Nairobi: Sisi huku barafu tutaitoa wapi?

Viatu vya magurudumu, kaka. Mkao ni uleule, msukumo wa pembeni uleule, nyonga zinaumia vilevile. Tafuteni eneo la lami tulivu, vifimbo na mpira wa tenisi, mchezo umeanza. Kofia msiache.

Kaka wa Luleå: Ziwa la jirani limeganda. Tucheze huko, tuokoe nauli?

Msiende peke yenu. Barafu ngumu isiyo na theluji ndani yake iwe angalau sentimita 10, ipimwe sehemu nyingi, maana penye mkondo, mdomo wa mto au matete huwa nyembamba. Kila mtu avae shingoni vile vijiti vyenye ncha za chuma vya kujivutia akizama. Kwa wanaoanza, mimi nasema nendeni uwanja wa manispaa. Angalieni ratiba ya saa za watu wote, na taa zinawashwa jioni.